Kwa Nini Gort an Tobair Huandikwa Hivi na Kutamkwa Vile

Tulieni, wajukuu zangu, maana kwa hili mimi huwa nakasirika. Hapo kale, Ayalandi ilipokuwa haijachorwa ramani, kila mahali paliitwa vile walivyopenda waliopalima. Hapa petu paliitwa Gort an Tobair, yaani Shamba la Kisima. Hakuna aliyeliandika jina hilo, na hakuna aliyelisahau.

Ndipo akaja karani wa bwanyenye mmoja Mwingereza aliyejitwalia ardhi yote hii. Akatangaza kwamba sasa kijiji kinaitwa Henrietta, jina la binti wa bwanyenye. Jumatatu tungeitwa nyumba kwa nyumba. Asiyeitikia angehesabiwa kuwa hayupo, na nyumba yake ingebomolewa. Jeuri iliyoje!

Wa kwanza kuitwa alikuwa Sadhbh, ninyi semeni Saiv, mjane mwenye watoto wanne na kibanda cha udongo, basi.

"Sadhbh wa Henrietta!"

Kimya. Karani akarudia. Kimya. Jirani yake, mzee Fiachra, akamnong'oneza, "Mwanangu, itikia yaishe. Watoto watalala wapi?"

Mama wa watu aliogopa, nawaambieni kweli. Lakini akasimama. "Mimi ni wa Gort an Tobair. Huyo wa Henrietta simjui, mkamtafute kwao. Liwalo na liwe."

Karani, uso umemwiva, akaita jina la pili, la Fiachra. Mzee akawatazama wale watoto wanne, akafunga mdomo. La tatu, kimya. Nyumba kumi na tisa, kimya! Sasa abomoe zote? Viazi vya bwana wake vilikuwa vimekomaa ardhini, angevichimba nani, yeye na daftari lake?

Akashika kalamu. "Haya, lisemeni hilo jina lenu." Wakalisema kwa pamoja, naye akaliandika kwa herufi za kwao, kadiri masikio yake yalivyoweza: Gortatubber. Kisha akamwita Sadhbh upya.

"Nipo!" akaitikia.

Na tangu siku hiyo majina yetu huandikwa kwa herufi za mgeni na kutamkwa kwa ulimi wa wenyewe. Bwanyenye kaenda zake, na Henrietta hata kaburi lake halijulikani. Sisi tupo. Mtu akituuliza njia kwa jina kama lilivyoandikwa, tunamwambia hatupajui. Akilisema kama alivyolisema Sadhbh, tunampeleka mpaka mlangoni.