Ulimi wa Mama Kaoneka

Imepokewa kutoka kwa waumini wa kwanza wa milima ya Usambara kwamba palikuwa na mwanamke akiitwa Mama Kaoneka, mcha Mungu kweli, ambaye sauti yake ndiyo iliyoongoza nyimbo zote katika kanisa lao dogo la udongo. Ubatizo wake ulipokaribia, alimwendea mwalimu wa dini, Mzee Zefania, akamwomba faraghani.

"Mwalimu, nibatize mwili mzima, ila ulimi uuache kwanza. Bado nina maneno ya kumwambia Mama Shelukindo."

Mama Shelukindo alikuwa jirani yake. Mbuzi wake alimaliza maharage yote ya Mama Kaoneka, lakini mwenye mbuzi akashikilia kwamba aliyekula ni ngedere.

Mzee Zefania, Mungu amrehemu, hakucheka. Alimjibu kwa upole kwamba Bwana hapokei mtu vipande vipande. Lakini ikiwa ulimi haujawa tayari, basi Jumapili auache nyumbani.

Mama Kaoneka aliona ni jambo jepesi. Jumapili akaketi kanisani, mdomo ameufumba. Wimbo ulipoanza bila yeye, kila mwimbaji alishika njia yake, na babu mmoja akamaliza ubeti wenzake wakiwa katikati. Jasho lilimtoka Mama Kaoneka. Kisha akamsikia Mama Shelukindo, aliyeketi mbele yake, akinong'ona kwamba leo kanisa limetulia. Hapo akatambua kuwa matusi yamekwisha kufika mdomoni, ndani ya nyumba ya Bwana, ilhali sifa hazina pa kupita. Akaogopa.

Baada ya ibada alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake. Mama Shelukindo kumwona tu, akashika mchi wa kinu.

"Mwenzangu, nimekusamehe," akasema Mama Kaoneka. "Nakusihi usinijibu, maana ukinijibu sijui kitakachonitoka."

Mama Shelukindo aliuweka mchi chini. Kisha akakiri kwamba ngedere yule alikuwa na kengele shingoni.

Siku ya ubatizo, pale mtoni, Mzee Zefania alimwagiza Mama Kaoneka afumbe mdomo. Hakumsikiliza. Alizama mdomo wazi, akaibuka amepaliwa, akikohoa hadi machozi, watu wakampiga mgongoni. Walipomuuliza, akasema alitaka maji yafike.

Ndugu wapendwa, wengi wetu tulitoka majini tukiwa tumefumba mahali fulani. Bwana atujalie kupaliwa.