Dawa ya Kuku Haikataliwi

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa gani hiyo, ya watu wanaosinzia? Na wewe Mbwana, acha kuchokoa moto, utatuunguzia mihogo. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana kuku wa nyama walikuwa wameshafika duniani, wale weupe wazito wanaokula wamekaa kitako, palikuwa na kijiji kiitwacho Kwamizi. Hapo Kwamizi walikaa Bi Sikudhani na mumewe, Mzee Shembilu. Binti yao, Mwanamvua, alikuwa aolewe mwezi ukiandama. Na wakwe walikuwa wamesema wazi: ng'ombe hawataki, mbuzi hawataki, wanataka pilau ya kuku, na sahani ikipelea watarudi kwao na bwana harusi wao.

Basi Bi Sikudhani akafuga kuku. Akawajengea banda, akatandika maranda makavu, akawapa pumba, akawawekea maji safi kwenye karai. Kila asubuhi alifikichafikicha majani makavu ya mlonge mkononi, akanyunyiza juu ya pumba, kama mtu anavyotia chumvi mchuzini. Kidogo tu. Kuku wakala, wakanywa, wakanenepa.

"Bibi, si hadithi imekwisha?"

Ingekwisha, mjukuu wangu, kama Bi Sikudhani hangekuwa na mume.

Sikilizeni. Kwamizi kulikuwa na desturi: dawa haikataliwi. Mtu akikuletea dawa, hata kama huumwi, unapokea kwa mikono miwili na unaitumia. Ukiikataa, umemtukana yeye na waliomzaa. Na Mzee Shembilu alikuwa mtu wa adabu mno. Adabu yake ilimchosha mkewe kuliko jembe.

Siku moja akapita jirani yao, Bi Semeni. Akachungulia bandani, akasema, "Kuku wazuri, Mzee. Lakini kuku bila mwarobaini ni nyumba bila mlango." Akampa fungu la majani ya mwarobaini.

Mzee Shembilu akapokea kwa mikono miwili, maana dawa haikataliwi. Akayatwanga yote, akayatia kwenye karai la maji.

Bi Sikudhani akaguna. "Baba Mwanamvua, kuku hawaumwi."

"Ndiyo wasije wakaumwa, mke wangu."

Kuku wakaja kunywa. Wakachovya midomo, wakatikisa vichwa. Jogoo mmoja mchanga, mwenye upanga mwekundu kichwani, akaimba:

*Kokoo, Mama Mwanamvua, kokoo,*
*maji yetu yana nini?*
*Jana tamu, leo chungu,*
*tutanenepa kwa nini?*

Bi Sikudhani akamsikia. Akaenda kuyamwaga yale maji, mumewe akamshika mkono. "Unataka kijiji kiseme Shembilu anamwaga dawa za watu?" Bi Sikudhani akauacha mkono wake ushikwe, karai likabaki.

Habari zikaenea kwamba Shembilu anapokea dawa za kuku. Akaja Mzee Hoza, mchonga ngoma, na kikapu cha vitunguu saumu. "Mwarobaini peke yake haufiki kifuani," akasema. "Kuku anataka saumu, asikohoe."

"Kuku wetu hawakohoi," akasema Bi Sikudhani.

"Bado," akasema Mzee Hoza.

Mzee Shembilu akapokea kwa mikono miwili, maana dawa haikataliwi. Akavitwanga vyote, akavitia kwenye karai lile lile, juu ya mwarobaini. Bi Sikudhani akasonya, msonyo mrefu, ukafika hadi kisimani. Kuku wakaja, wakanusa, wakarudi nyuma. Yule jogoo akaimba. Haya, imbeni naye, mnajua:

*Kokoo, Mama Mwanamvua, kokoo,*
*maji yetu yana nini?*
*Jana chungu, leo yananuka,*
*tutanenepa kwa nini?*

Na kuku asiyekunywa hali. Pumba ikabaki, mlonge wake juu. Vifua vikaanza kuchongoka. Bi Sikudhani akimshika kuku, anahisi mifupa, na moyo wake unamwonesha sahani za wakwe zilizopelea na binti yake akilia na hina mikononi. Akamwambia mumewe, "Baba Mwanamvua, manahodha wengi chombo huenda mrama."

"Ndiyo maana nawasikiliza wote," akasema mumewe. "Nisimkosee hata mmoja."

Jamani. Mtu wa namna hiyo unamfanyaje?

"Unampiga na mwiko, Bibi."

Nyamaza, hujaolewa.

Akaja wa tatu, na huyu alikuwa mgumu kuliko wote, maana alikuwa wifi. Bi Mwanjaa, dada yake Mzee Shembilu, akaja na tangawizi na pilipili kichaa zimejaa upande wa kanga. "Wifi, nasikia kuku wanakukondea," akasema. "Mimi wangu hawakondi. Watie moto tumboni."

"Wifi, kuku hawa wanataka maji."

"Na maji yapo," akasema Bi Mwanjaa. "Kaka, lete kinu."

Kaka akaleta kinu. Akapokea kwa mikono miwili, akatwanga, akatia. Karai likageuka rangi ya matope, linatoa mvuke wa pilipili bila kuwekwa motoni. Bi Sikudhani hakuguna wala hakusonya. Alikaa chini kwenye gunia la pumba, akashika tama. Yule jogoo akaja akijikokota, sauti imekauka:

*Kokoo, Mama Mwanamvua, kokoo,*
*maji yetu yana nini?*
*Jana yananuka, leo yanawaka,*
*tutanenepa kwa nini?*

Kisha akaacha kuimba, akasema kama mtu. "Mama, sisi tunajua safari yetu inaishia chunguni. Hatujakulaumu, ulitulea vizuri. Lakini mwenye ahadi na kisu asiuawe na dawa. Hebu niambie, hii dawa nani ameionja?"

Bi Sikudhani akainua kichwa. Akamkumbuka marehemu nyanya yake, na ule usemi aliokuwa akiusema bila kuukata: dawa haikataliwi, na mleta dawa huonja kwanza. Watu wa Kwamizi walikuwa wameshika nusu iliyo rahisi, ile nyingine wakaitupa.

Kesho yake asubuhi akawaalika wote waje kunywa chai. Bi Semeni akaja, Mzee Hoza akaja, wifi akaja na kanga mpya. Mzee Shembilu akakaa katikati yao, amefurahi kuona mkewe amelainika. Bi Sikudhani akaenda bandani na upawa, akarudi na mabakuli manne, akaweka moja mbele ya kila mtu.

"Chai gani hii?" akauliza wifi.

"Dawa yenu," akasema Bi Sikudhani. "Haikataliwi. Na mleta dawa huonja kwanza. Karibuni."

Wakatazamana. Kukataa hawawezi, desturi ni yao. Wakanywa. Bi Semeni akashika mashavu. Mzee Hoza akatoa machozi, akayafuta kwa kofia. Wifi akakimbilia mtungi, akanywa kata kwa kata, kisha akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Wifi, ulitaka kutuua?"

"Hapana, wifi. Mlitaka kuniulia kuku, na harusi ya mwanangu juu yake."

Mzee Shembilu alimaliza bakuli lake lote, kwa adabu. Halafu akainuka, akaenda kulimwaga karai, akalisugua kwa majivu na mchanga, akateka maji safi. Kuku wakanywa mpaka matumbo yakacheza. Bi Sikudhani akarudi kwenye mlonge wake, kidogo tu juu ya pumba, na mwezi ulipoandama kila sahani ilikuwa na paja linaloning'inia pembeni.

"Na yule jogoo, Bibi?"

Yule alikuwa kwenye sahani ya bwana harusi. Usininunie, alisema mwenyewe kwamba anajua.

Sasa, watu wameshiba, akainuka mjomba wa bwana harusi, mzee mnene, akatoa mfukoni kifurushi cha mizizi. "Mkwe," akamwambia Mzee Shembilu, "kwetu kuku hupewa hii." Mzee Shembilu akanyoosha mikono miwili. Bi Sikudhani akafumba macho.

Mikono ikasimama hewani. "Ahsante, mkwe," akasema Mzee Shembilu. "Ionje kwanza."

Mjomba akakitazama kifurushi, akakirudisha mfukoni, akaomba pilau nyingine.

Basi wajukuu zangu, dawa ikizidi ni ugonjwa, na usimnyweshe mwenzako usichoweza kukinywa. Ngano yangu imefika mwisho, na moto nao umefika. Na atakayeniambia kesho ameota jogoo anaimba, ataoka mihogo peke yake.