Dakika Ishirini za Anzuruni

Palikuwa na mpimaji mmoja, jina lake Anzuruni, aliyewekwa na chama cha wafugaji kupima sukari iliyomo katika chakula cha ng'ombe. Alikuwa mtu mwema, na neno lake likishaandikwa hakuna aliyebisha.

Kazi yake ilikuwa na hatua mbili. Kwanza aliosha unga wa chakula kwa maji ya moto, akauchuja, kisha akayachemsha maji yale pamoja na dawa ya buluu. Sukari iliyo wazi huigeuza dawa hiyo ikawa nyekundu kama tofali. Lakini sukari ya muwa hujificha. Hiyo haijitokezi mpaka ichemshwe kwanza na tindikali, dakika ishirini, na tindikali izimwe kwa magadi, ndipo iulizwe.

Siku moja Felista, mama aliyesaga miwa mikavu na pumba, akaleta magunia yake. Jasho lake la mwaka mzima lilikuwa mle. Anzuruni alikuwa hoi, foleni ndefu, jua linakwenda. Akairuka tindikali. Dawa ikabaki buluu, naye akaandika: hakina sukari. Chama hakikununua chakula kisicho na sukari, basi magunia yakakataliwa, na hadi jioni kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kumwita Felista tapeli. Mama wa watu alijifunga kanga kiunoni, akaupakia mzigo wake kwenye mkokoteni, akarudi nao.

Asubuhi Anzuruni alikuta sisimizi wamejipanga kutoka mlangoni hadi kwenye unga wa Felista uliomwagika sakafuni. Sisimizi hawajasoma, lakini hawafungi safari ya bure. Akauchukua unga uliosalia kwenye kopo, akauchemsha kwa tindikali, akangoja kama alivyofundishwa. Dawa ikawa nyekundu.

Angeweza kubadilisha karatasi kimyakimya, na nani angejua? Aibu ilimkaba kweli, maskini. Lakini Felista hakuchafuliwa kwenye karatasi tu. Anzuruni akaenda kwenye mkutano wa kijiji, akasimama mbele ya wale wale waliomwita Felista tapeli, mama mwenyewe akiwa ameketi nyuma kabisa.

“Sukari ilikuwamo,” akasema. “Kilichopungua ni dakika zangu ishirini.”

Felista alilia pale pale, bila kujificha. Kisha akainuka akaenda kuufuata mkokoteni, ayarudishe magunia.

Basi wewe, uliyekwisha kuandika kwamba ndugu yako hana wema ndani yake, ulingoja dakika ngapi?