Mafundo Sita ya Jilala

Sogeeni karibu, na anayejua kuhesabu ahesabu pamoja nami. Hadithi hii nilipewa bila mwisho, na bila mwisho nitawaachia.

Katika mji wa Lukomba, uliozungushiwa ukuta wa mawe, waliishi watu watatu wenye vipaji. Lugendo alijua kuuliza. Swali lake lilikuwa fupi, lenye maana moja, na halikumnong'oneza mtu jibu. Kalunde, mwanamke mtu mzima, alijua kudanganya. Uongo wake ulifanana na ukweli kama ndugu wa tumbo moja, na kabla ya kuutunga alijiuliza kwanza ni nani atakayeuamini. Minza, mjane aliyesuka kamba, alijua kupima. Kila alichokihesabu alikifungia fundo, na hakupenda kusema jambo ambalo kamba yake haikulisema.

Lukomba walikuwa na desturi yao. Mgeni aliulizwa swali, akawekewa vyungu vinne, kila chungu na jibu lake, naye akatia jiwe katika chungu alichokiamini.

Asubuhi moja wanaume thelathini walifika langoni wakivuja damu. Walisema wametoka Kisaka, kambi ya kuyeyushia chuma, ambako kila kiangazi hukusanyika watu wasiojuana kutoka vijiji vya mbali. Kambi imechomwa, walisema, na wenzao wamechinjwa. Moshi wa Kisaka ulionekana kutoka ukutani, kwa hiyo walinzi wakawaonea huruma. Wakawauliza sita wa kwanza: "Tanuri hulishwa nini? Mkaa, maziwa, manyoya au ugali?"

Wote sita walitia jiwe kwenye mkaa. Wakafunguliwa lango.

Hawajafika hata kisimani, watatu kati yao walichomoa visu, na wale wengine watatu wakakimbia kujificha. Walikuwa wachinjaji wenyewe wa Kisaka, waliovaa nguo za waliowaua. Walinzi saba walikatwa koo na matumbo kabla mikuki haijawamaliza wale watatu. Masunga, mdogo wake Lugendo, alikufa akijaribu kuyarudisha matumbo yake ndani kwa viganja.

Kalunde alivitazama vile vyungu. "Hata mbuzi angefaulu," alisema. "Uongo usioaminiwa na mtu haumpimi mtu."

Nje walibaki ishirini na wanne. Walipoambiwa waonyeshane nani mwizi wa nguo, kila mmoja alimnyooshea kidole jirani yake.

"Wachomeni mikuki wote," alisema Mtemi Kapela.

"Mtemi wangu," alisema Minza, "wamo waliouliwa watoto wao jana."

"Na wamo waliowaua. Nitawajuaje? Haya, nyinyi watatu wenye vipaji nawapa mpaka jua la utosini muwatenganishe."

Lugendo alifanya kazi yake. Aliketi kando ya maiti ya mdogo wake, akamwita mzee aliyewahi kuyeyusha chuma, akachuja maswali kumi na mawili. Swali ambalo mpita njia angeweza kulijibu alilitupa. Swali ambalo hata fundi angebishana nalo alilitupa pia.

Kalunde alifanya kazi yake. "Wauaji walikaa wapi kabla ya kushambulia?" aliwauliza wachungaji.

"Mlimani, siku sita. Tumeona majivu ya moto wao."

"Basi nitawapa walichokiona kutoka mlimani." Lugendo alipouliza, "Chuma kikiiva, mtu wa Kisaka hujuaje?" Kalunde aliweka chungu cha cheche zinazoruka juu, cha moshi unaogeuka mweupe na cha tanuri linalonguruma. Cha nne kilikuwa cha kweli: mavi ya chuma, takataka zake zilizoyeyuka, yanapotiririka chini, ambayo huyaona tu aliyeinama mbele ya tanuri.

Minza naye alifanya kazi yake. Alitundika ngozi ya ng'ombe langoni ili mtu asimwige mwenzake, akaketi nyuma yake, peke yake na kila mgeni na visu asivyoviona. Kila mgeni alikuwa na kamba yake, na kila alipopatia swali, Minza alimfungia fundo moja.

Kamba zilipokamilika, watu walipiga kelele ukutani. "Aliyekosa hata moja afe!"

"Mtu aliyeona mkewe akichinjwa jana husahau," alisema Minza. "Na asiyejua kitu hupatia pia." Alijifunga kitambaa machoni, akaomba asitajiwe maswali, akatia mawe kumi na mawili ovyo ovyo. Walipohesabu, matatu yalilala penye kweli. "Mmeona? Leo nimepata matatu, kesho pengine mawili au manne. Mwenye matatu sioni ujuzi wake. Mwenye tisa sioni bahati yake."

Watu kumi na wanne walikuwa na mafundo tisa au zaidi. Wakapitishwa. Tisa walikuwa na manne au pungufu, na mawe yao mengi yalikuwa kwenye uongo ule ule, chungu cha cheche kikiwa kimejaa.

Wale tisa walielewa kabla hawajatangaziwa. Visu vilitoka ndani ya vitambaa walivyofungia majeraha. Lugendo alimpiga mmoja shoka la shingo, kichwa kikabaki kikining'inia kwa ngozi. Kalunde alimvunjia mwingine chungu usoni, kisha akamchoma jicho kwa kigae. Minza aliangushwa, kamba zake mwenyewe zikamzunguka koo. Alisikia mikono miwili juu yake, mmoja ukikaza, mmoja ukivuta, na hakujua upi ni wa nani. Kisha mtu aliyemkalia kifuani alitobolewa na mkuki, na hewa ikarudi.

Alipofumbua macho, wale tisa walikuwa wamelala maiti, na ncha ya kamba ilikuwa mkononi mwa mtu wa ishirini na nne. Aliitwa Jilala. Kamba yake ilikuwa na mafundo sita.

"Mimi ni mchoma mkaa, mama," alisema. "Naishi msituni, huko mlimani. Mzigo nauacha njiani. Tanuri naliona kwa mbali tu, usiku, cheche zikiruka."

Waliwauliza wale kumi na wanne. "Wachoma mkaa hatuwajui sura," walisema. "Tunajua mkaa wao."

Sasa, kwa desturi ya Lukomba, aliyeuokoa mji hupewa neno la mwisho juu ya mateka wa mwisho. Neno hilo halipingwi, wala haligawanyiki.

"Nani kati yenu?" aliuliza Mtemi.

"Mimi," alisema Lugendo. Damu ya Masunga ilikuwa imemkaukia kwenye kucha. "Bila maswali yangu vyungu hivi ni vya kupikia tu. Na neno langu ni afe. Wote waliotazama kutoka mlimani walisema cheche. Naye kasema cheche."

"Mimi," alisema Kalunde. "Maswali hata walinzi waliuliza asubuhi, tukapoteza saba. Uongo wangu ndio uliowanasa. Na neno langu ni aulizwe swali moja zaidi, la mkaa. Akikosa, afe."

"Shangazi, swali moja?" alisema Minza, koo likimuuma. "Muuaji ana nafasi moja kati ya nne ya kutoka hai. Na mkweli akitetemeka atakosa."

"Wewe hukumwona Masunga!" alifoka Lugendo.

"Nilimfunga sanda, baba. Lakini nyinyi wawili mlitengeneza mzani, mimi nikausoma. Bila mimi mngewaua wote ishirini na wanne. Neno langu ni aende zake. Mafundo sita hayaniambii kitu, na sitamuua mtu kwa jambo nisiloambiwa."

"Alikuwa ameishika kamba shingoni mwako," alisema Lugendo, kwa sauti ya chini sasa. "Alikuwa akikaza au akilegeza?"

Minza alijigusa koo. Alimtazama Jilala, na Jilala akamtazama yeye. "Sijui," alisema.

Mtemi aliagiza vyungu vitatu, cha Lugendo, cha Kalunde na cha Minza, akaamuru kila mtu wa Lukomba atie jiwe moja kwa anayestahili neno. Walitia mpaka alasiri. Walipohesabu, vyungu vyote vitatu vilikuwa sawa, na lilibaki jiwe moja ambalo halijatiwa.

Jilala bado amepiga magoti pale langoni, kamba ya mafundo sita ikiwa imelala mbele yake, na shoka la Lugendo halijafutwa damu.

Nyoosha mkono, wewe unayenisikiliza. Jiwe ni hili. Utalitia chungu cha nani?