Maana ya Kwanza Haivunji Posa

Maana ya kwanza haivunji posa. Mmemsikia Bi Mghoi akiisema dukani, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa Voi, katika karakana ya seremala mmoja Mpunjabi aliyeitwa Karamdini, zama zile ambapo huwezi kumpigia mtu simu mpaka posta wakuunganishe.

Karamdini alijua Kiurdu cha kwao na Kiswahili cha sokoni. Kiingereza hakukijua, ila alikuwa na kamusi, kitabu kinene cha Kiingereza kwa Kiurdu alichorithi kwa mjomba wake. Kwa ajili ya kitabu hicho mji mzima ulimhesabu msomi. Watu walimletea maneno kama walivyomletea viti vilivyovunjika miguu, naye akiyatengeneza papo hapo: anafungua, anatia kidole, anasoma maana ya kwanza, anafunga. Maana ya pili aliiona ni ya watu wenye mashaka.

Mara moja jirani yake, Mwakio, alimletea neno "match" alilolikuta limebandikwa ukutani pa shule. Karamdini akasoma, akamwambia ni kiberiti. Jumamosi Mwakio akaenda uwanjani na kikapu chake kuchukua viberiti, akakuta watu wanacheza mpira. Hata hivyo heshima ya Karamdini haikupungua. Mwakio alisema shule ndiyo iliyodanganya.

Sasa, binti wa Karamdini, Nusrati, alikuwa ameposwa na Tanviri, mwana wa Bwana Fazali wa Makindu. Wazee walikwisha kukubaliana, na baba mtu alikuwa akichonga kitanda cha arusi kwa mkono wake, cha mvule mtupu. Asubuhi moja akataka kumwuliza Fazali atakuja na wageni wangapi, ili mpishi ajue ukubwa wa sufuria. Akainua simu, akaomba Makindu, kwa Fazali.

Bibi wa posta akajaribu laini, kisha akasema neno moja la Kiingereza. "Engaged."

Karamdini hakuuliza. Msomi haulizi. Akashukuru, akaweka simu, akalitafuta neno kwenye kamusi mpaka akalipata. Maana ya kwanza ilikuwa mangni, yaani uchumba. Aliye engaged ni mtu mwenye mchumba. Akacheka, akamwita mkewe, Bilkisi, akamwonyesha mstari.

"Huyu bibi wa simu ananiambia kwa Fazali kuna mwenye mchumba. Kwani mchumba mwenyewe si mwanetu?"

Akapiga tena.

"Engaged, mzee."

"Najua. Engaged na sisi."

"Na nyinyi? Hapana, nyinyi bado. Yuko na mtu mwingine."

Karamdini akakaa juu ya rundo la mbao. "Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Na sisi je?"

"Subiri kidogo, mzee. Wakiachana nitakuunganisha."

"Binti yangu hangoji watu waachane," akasema Karamdini, akaweka simu taratibu, kama mtu anayefunika maiti.

Hasira yake ilikuwa ya seremala. Alichukua msumeno akaenda moja kwa moja kwenye kitanda. Miguu miwili ilikuwa chini kabla Bilkisi hajamshika mkono, na kwa vile kitanda cha miguu miwili hakifai kitu, akaimaliza na mingine. Kisha akatoka akamwambia mpishi asinunue mchele, akamwambia Mwakio posa imevunjika, na kumwambia Mwakio ni sawa na kuutangazia mji. Nusrati alijifungia chumbani. Mama yake akamwekea chakula mlangoni, na chakula kikapoa pale pale. Karamdini aliposikia kilio nyuma ya mlango aliouchonga mwenyewe, moyo ulimuuma, lakini angefanya nini? Kitabu kilikuwa kimesema.

Kesho yake gari moshi likashusha watu watatu: Fazali, mkewe, na Tanviri aliyebeba sinia la vitamutamu kwa mikono miwili. Wakaja mpaka karakana wakitabasamu. Karamdini hakuwakaribisha. Bilkisi, kwa kuwa mgeni ni mgeni, alitoka na jagi la maji.

"Utusamehe, Bhai Karamdini, kuja bila taarifa," akasema Fazali. "Jana tangu asubuhi nakupigia simu nikwambie tunakuja kupanga siku. Kila nikiinua, posta wananiambia Karamdini engaged."

Jagi likasimama hewani.

"Nani engaged?" akauliza Bilkisi.

"Karamdini, shemeji."

"Na nani?"

"Walisema na mtu mwingine."

Bilkisi aliweka jagi chini. "Baba Nusrati, jana ulinisomea maana ya neno hili. Kidole chako kilikuwa juu ya mstari."

"Mimi? Na mvi zote hizi?"

"Mvi hazikumzuia baba yako."

Karamdini alitazama mlango, akatazama msumeno, hakuona msaada. Akaikimbilia kamusi. Akafungua pale pale pa jana, na kwa mara ya kwanza tangu airithi akateremsha kidole mstari wa pili.

"Masruf," akasoma. "Mwenye shughuli, mtu aliye kazini." Akateremka tena. "Simu inayotumika na mtu mwingine." Akasoma kwa sauti, akarudia kwa sauti zaidi. "Bilkisi, mimi nilikuwa na shughuli! Nilikuwa nampigia yeye!"

"Nami nikikupigia wewe," akasema Fazali, akaanza kucheka mpaka akaegemea ukuta.

Bilkisi hakucheka. "Endelea kusoma," alisema. "Mpaka mwisho wa ukurasa."

Akasoma ukurasa wote, na maneno yasiyohusika kabisa, wageni wakiwa wamesimama na sinia lao. Katikati ya usomaji Nusrati akatoka chumbani, macho yamevimba. Hakumtazama Tanviri. Alimtazama baba yake.

"Baba, na kitanda?"

Kitanda hakikuweza kuongezwa miguu bila kuharibika, na mvule mwingine haukupatikana kwa haraka. Arusi ikafanyika, bwana na bibi wakalala karibu na sakafu. Tanviri hakulalamika, alisema kitanda cha namna hiyo mtu akianguka haumii.

Tangu hapo, kila aliyemletea Karamdini neno, Bilkisi alipaza sauti kutoka jikoni: "Msomee na ya pili! Maana ya kwanza haivunji posa." Wateja wakaichukua pamoja na viti vyao, wakaenda nayo majumbani. Hata leo, asiyejua herufi moja ya Kiurdu akimwona mwenzake amevimba kwa neno ambalo hajaliuliza, humshika bega akamwambia: maana ya kwanza haivunji posa.