Baiskeli ya Mbwiga

Kinyozi Mbwiga aliegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa Bwana Shomvi, tajiri wa mashine ya kusaga, chokaa ikiwa bado mbichi. Shomvi akaikamata.

"Utaipata kwa sharti," alisema, akiwakonyeza wageni wake barazani. "Ipande isimame palepale, usiweke mguu chini mpaka dele hili la kahawa lichemke. Hakuna kuegemea ukuta, wala mtu wako yeyote asikushike. Ukishindwa, ni yangu."

"Nimekubali," alijibu Mbwiga. "Ila mimi mjanja, mtaa mzima unajua. Nitaisogeza kidogo kidogo na hutaona."

"Mimi? Nitasimama hapohapo nikutazame!"

"Macho hudanganyika, bwana. Bora ushike usukani, ikisogea hata unywele uhisi mwenyewe."

Shomvi akateremka, akaukamata usukani kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote. Mbwiga akapanda, akaweka miguu kwenye pedali, akaanza kupiga mluzi.

Dele lilipochemka, wageni walikuwa wakicheka mpaka kofia zinawadondoka.

"Mnacheka nini?" Shomvi alifoka, jasho likimtiririka. "Haijasogea!"

"Hata kidogo," alisema Mbwiga. "Ahsante sana kwa kunishikia. Sasa iachie, bwana, niende zangu."