Farasi Aliyeitwa Masese

Jina halina kwato. Mmemsikia mzee Nyandoro akiwaambia hivyo wale wanaobeti kwa simu pale dukani, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi, na mimi nilikuwepo.

Mwaka huo wakubwa wa ushirika walikuwa wamekula malipo yetu ya maziwa. Watu wale! Tai shingoni, aibu hakuna. Binti wa Nyandoro alikuwa ameitwa sekondari, na baba mtu hana kitu. Akauza mtamba wake, ng'ombe pekee aliyebaki. Fedha hazikutosha. Ndipo akaja nazo mjini, kwenye uwanja wa farasi, azizalishe.

Mimi nilikuwa nikifagia mazizi pale. Mke wangu Bosibori, Mungu amrehemu, aliuza chai kando ya ua wanakotembezwa farasi kabla ya mbio. Kwa muda mrefu hakubeti. Alitazama tu: yupi anatoka jasho kabla hajakimbia, yupi anapenda tope, yupi anakanyaga kwa woga. Aliyeshinda alimtazama, aliyeshindwa alimtazama zaidi. Baadaye akaanza kuweka kidogo kidogo, na siku ambayo hakuelewa kitu, hakuweka.

Nyandoro, aliyemwoa dada wa Bosibori, alifika anahema.

"Shemeji, nimemwona! Kuna farasi anaitwa Masese!"

Masese lilikuwa jina la marehemu baba yake. Nanyi mnajua sisi Wakisii: jina la marehemu hatulitupi, humrudia mjukuu. Farasi huyo alikuwa wa mheshimiwa mmoja aliyempa jina lolote lililomjia.

"Baba ameniita," Nyandoro akasema. "Naweka zote."

"Za mtoto?" Bosibori akauliza.

"Zote."

"Shemeji, mzee Masese nilimjua. Alikuwa na miguu miwili, na yote mizima. Huyu ana minne, na mmoja unamuuma."

"Unamtukana baba yangu!" Akanigeukia mimi. "Wewe, mkeo anauza chai au anauza matusi?"

Nikashika ufagio wangu. Ukiwa katikati ya watu hao wawili, kufagia ni afya.

Bosibori hakukasirika. Alimshika mkono, akamsogeza hadi kwenye ua. "Usisome kibao cha majina. Tazama kichwa. Akikanyaga mguu wa mbele wa kulia, kichwa kinaruka juu. Umeona? Anaukwepa uchungu. Jina halina kwato, shemeji. Leo litakimbia na nini?"

Nyandoro alitazama farasi akizunguka, akizunguka tena. Mdomo ukamshuka.

"Basi niambie yupi atashinda."

"Leo sijui. Mvua imenyesha, na hawa wengine ni wageni kwangu. Usipojua, funga mfuko. Huko nako ni kubeti."

Kengele ikalia. Nyandoro alibaki amekumbatia koti lake, fedha zote zikiwa ndani, kama mtu anayesikia baridi. Masese aliondoka vizuri, watu wakapiga kelele, lakini kwenye kona ya kwanza akaanza kuchechemea, na mpandaji akashuka. Nyandoro aliketi chini kwenye nyasi zenye maji, akalia. Bosibori akampa chai, hakumdai.

Kesho yake alimpeleka binti shuleni na kile alichokuwa nacho. Mwalimu mkuu alikipokea, kilichopungua kilipwe polepole. Binti huyo ndiye mama yako wewe, Bosibori mdogo, uliyekaa hapo unachezea kandambili yangu.

Mke wangu alifia kwenye zahanati ambayo wakubwa waliipa jina la Tumaini, na ndani hakukuwa na hata dawa ya homa. Hilo sijawasamehe. Lakini hata asubuhi moja haipiti bila mimi kumshukuru mama yule, maana aliniachia macho, na akawaachia ninyi shule.

Sasa sikia, mjukuu wangu. Jina lake unalo, nami hufurahi kuliita. Lakini yeye hakuwa Bosibori kwa kuitwa. Alikuwa Bosibori kwa kutazama. Nenda nawe ukatazame. Jina halina kwato.